Mkono wa Mwisho: Umaliziaji wa Nyimbo katika Studio za Nyumbani Mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Watu wengi huamini kwamba kazi ya kurekodi wimbo hukamilika pale mwimbaji anapoondoka mbele ya maikrofoni. Ukweli ni kwamba baina ya siku hiyo na siku ambayo msikilizaji atausikia wimbo redioni au katika simu yake, kuna kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni kuzichanganya sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake, yaani sauti ya mwimbaji, gitaa, besi, ngoma na kinanda, hata zikawa wimbo mmoja. Ya pili, ambayo ndiyo mada ya makala hii, ni kuutengeneza mchanganyiko huo kwa mara ya mwisho, kuupa kiwango chake cha sauti na kuutoa katika nakala itakayosambazwa.

Katika jiji la Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Katanga ya Juu, kazi hiyo ya mwisho hufanyika siku hizi katika vyumba vya kawaida vya nyumba za watu. Kompyuta moja, maikrofoni moja, spika mbili ndogo na jozi ya vipaza sauti vya masikioni hutosha kuanzisha studio. Kwa hiyo uamuzi ambao hapo zamani ulikuwa mikononi mwa kampuni kubwa za santuri, na mara nyingi ulitolewa mbali na Katanga, sasa umo mikononi mwa fundi aishiye Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi.

Makala hii ina madhumuni mawili. Kwanza, inaeleza kazi hiyo ni nini na jinsi inavyofanyika katika mazingira ya studio ya nyumbani. Pili, inaonyesha kwa nini kazi hiyo inawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba mkono wa mwisho kuugusa wimbo ndio unaoamua ni maneno gani yatasikika na yapi yatamezwa, na kwamba fundi anayekielewa Kiswahili cha wimbo anaoushughulikia ana uwezo ambao mafundi wa enzi ya santuri hawakuwa nao.

2.0 Suala la istilahi

Kazi inayojadiliwa haijapata istilahi moja inayokubalika katika Kiswahili. Katika studio za Dar es Salaam na Nairobi mafundi hulichukua neno la Kiingereza na kulipa viambishi vya Kiswahili, wakasema «kumasta» kama wasemavyo «kumiksi». Mjini Lubumbashi, ambako Kifaransa ndicho lugha ya shule na ofisi, neno hilohilo la Kiingereza limepitia Kifaransa kabla ya kuwafikia mafundi, na husikika kama «masteringi».

Katika makala hii litatumika neno «umaliziaji», ambalo tayari limo katika lugha ya waashi na maseremala. Mwashi akishapandisha kuta na kuezeka, hubakiwa na kazi ya kupiga lipu, kupaka rangi na kuhakikisha kwamba milango inafunga. Kazi hiyo haiongezi chumba wala haiondoi ukuta, lakini ndiyo inayoifanya nyumba ikalike. Umaliziaji wa wimbo unafanana na huo. Hauwezi kumrekebisha mwimbaji aliyekosea sauti, na hauwezi kuliongeza gitaa ambalo halikupigwa. Nakala inayotokana na kazi hiyo, ambayo nakala nyingine zote hutolewa kwayo, itaitwa «nakala mama».

3.0 Mkono wa mbali: enzi ya santuri

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Wafanyakazi walioletwa kutoka sehemu mbalimbali kuchimba na kuyeyusha shaba walihitaji lugha ya kuelewana, na Kiswahili ndicho kilichoshika nafasi hiyo migodini, sokoni na majumbani. Muziki wa gitaa uliokua katika miji ya shaba uliimbwa kwa sehemu kubwa katika Kiswahili hicho.

Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alifika Katanga na mitambo yake ya kurekodi. Katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni «Masanga», ambao ulipata kuwa mmoja wa nyimbo za gitaa zinazojulikana zaidi barani Afrika. Santuri za Mwenda zilitolewa kwa chapa ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, zikauzwa mbali hadi Afrika ya Mashariki, ambako wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwazo. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani katika tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Kinachostahili kuzingatiwa hapa ni mgawanyo wa kazi. Wimbo uliimbwa Katanga kwa Kiswahili cha Katanga, lakini santuri ilitengenezwa Afrika Kusini. Aliyekata mfereji wa santuri ndiye aliyekuwa mmaliziaji wa siku hizo, na kazi yake ilibanwa na mambo yasiyohusiana na lugha. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, yenye kipenyo cha sentimeta 25, ilibeba takriban dakika tatu tu kila upande. Besi nzito ilihitaji mfereji mpana uliokula nafasi, hivyo ilipunguzwa. Sauti kali za juu, ambamo ndimo zilimo konsonanti kama s, sh na f, zilisumbua sindano na tena zilifunikwa na mkwaruzo wa santuri yenyewe. Fundi aliyeamua apunguze nini hakulazimika kujua kama alichokipunguza kilikuwa mkwaruzo au neno.

Kanda za Tracey zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa sababu hiyo iliwezekana, miongo kadhaa baadaye, kampuni ya SWP ya Uholanzi kutoa diski za kompakti za rekodi hizo, zikiwemo za gitaa za kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia zilizorekodiwa baina ya mwaka 1950 na 1958. Somo linalopatikana ni wazi: umaliziaji mpya uliwezekana kwa kuwa rekodi ya awali haikutupwa. Suala hili litarejewa katika sehemu ya 7.0.

4.0 Chumba, bati na umeme

Kabla ya kueleza hatua za umaliziaji, yafaa kueleza mahali unapofanyika. Fundi husahihisha kile anachokisikia. Ikiwa chumba kinamdanganya, masahihisho yake yatakuwa makosa.

Nyumba nyingi za Lubumbashi zimejengwa kwa matofali, zina sakafu ya saruji na zimeezekwa kwa mabati. Vitu hivyo vyote huirudisha sauti badala ya kuimeza. Zaidi ya hayo, kila chumba kina masafa yake kinayoyapendelea, na masafa hayo hutegemea vipimo vyake. Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban meta 343 kwa sekunde. Ukiigawa kasi hiyo kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, utapata masafa ya kwanza yanayovuma chumbani humo. Chumba chenye urefu wa meta 4 na upana wa meta 3 huvuma karibu na hezi 43 na hezi 57. Hayo ndiyo masafa ya besi na ya ngoma kubwa.

Matokeo yake ni haya. Fundi akiketi katikati kabisa ya chumba hicho, sauti ya hezi 43 humfikia ikiwa dhaifu mno, hata kama imejaa karibu na ukuta. Hudhani kwamba besi imepungua, akaiongeza. Kesho yake wimbo unapopigwa katika baa, besi hufunika kila kitu. Dawa ya kwanza haigharimu fedha: ni kukisogeza kiti kutoka katikati na kuzisogeza spika kutoka pembeni. Dawa ya pili ni vitu laini na vinene. Godoro lililosimamishwa kwenye kona, mablanketi na nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi, ingawa kitambaa chembamba humeza sauti za juu tu na kuziacha za chini zilivyo.

Mvua ni tatizo jingine. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ya Lubumbashi hupiga mabati kwa kishindo, na mlio wake umetapakaa katika masafa yote, ya chini na ya juu. Mlio huo ukiingia katika maikrofoni, hauondoki katika umaliziaji pasipo kuondoka na sehemu ya sauti ya mwimbaji. Heri kuahirisha kurekodi kuliko kutegemea programu.

Tatu ni umeme. Katika Kongo umeme hubadilisha mwelekeo kwa masafa ya hezi 50, na waya usiounganishwa vyema na ardhi huleta muungurumo wa hezi 50, pamoja na jamaa zake wa hezi 100 na 150. Muungurumo huo waweza kupunguzwa kwa chujio jembamba, lakini ni bora kuutafuta waya wenye hitilafu. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea, na jenereta inapowashwa uani kelele yake hupenya ukutani. Mafundi wengi hulazimika kufanya kazi usiku umeme unaporudi. Masikio yaliyochoka huwa hayasikii vyema sauti za juu, na aliyechoka huziongeza kupita kiasi. Kwa hiyo kazi ya usiku yapaswa kusikilizwa tena asubuhi kabla ya kutolewa.

5.0 Hatua za umaliziaji

5.1 Kusikiliza na kulinganisha

Hatua ya kwanza ni kusikiliza bila kugusa chochote. Fundi huuweka wimbo wake kando ya wimbo mwingine anaoujua vizuri, wa mtindo unaokaribiana, na kuzipa nyimbo hizo mbili kiwango sawa cha sauti. Usawa huo ni muhimu, kwa kuwa sikio la binadamu huipenda sauti kubwa zaidi na kuidhania kuwa bora. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huisikia besi kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Hivyo anayesikiliza kwa sauti ya chini muda wote huongeza besi isiyohitajika, na anayesikiliza kwa makelele huipunguza kuliko inavyopasa.

Kisha wimbo husikilizwa katika vyombo watakavyotumia wasikilizaji: spika ya simu, redio ndogo, spika za gari. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa masafa ya chini. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na simu haiwezi kuutoa mtetemo huo. Msikilizaji huitambua noti hiyo kwa mitetemo ya juu yake, ile iliyo mara mbili, mara tatu na zaidi ya mtetemo wa msingi, nao ubongo hujaza kilichokosekana. Fundi ajuaye hilo hahangaiki kuongeza besi ili isikike katika simu. Huitia nguvu mitetemo ya juu ya besi hiyo.

5.2 Kusawazisha masafa

Hatua ya pili ni kuongeza au kupunguza sehemu fulani za masafa kwa chombo kiitwacho ikwalaiza. Katika umaliziaji mabadiliko huwa madogo, mara nyingi desibeli moja au mbili, kwa sababu kila badiliko huigusa sauti yote kwa pamoja. Anayepunguza hezi 300 ili kuondoa uzito wa gitaa huupunguza pia uzito wa sauti ya mwimbaji. Ikiwa kasoro ni kubwa, dawa yake ni kurudi katika mchanganyiko na kukisahihisha chombo kimoja kinachohusika. Hapo fundi wa studio ya nyumbani ana nafuu, kwani aghalabu ndiye aliyechanganya na ndiye anayemalizia.

5.3 Kubana

Kompresa ni chombo kinachopunguza tofauti baina ya sauti kubwa na sauti ndogo. Sauti inapovuka kiwango kilichowekwa, kompresa huishusha kwa kadiri iliyopangwa. Ikitumiwa kwa kiasi, huziunganisha sauti za wimbo, na silabi zilizoimbwa kwa unyonge huweza kusikika bila ya nyingine kuumiza masikio. Limita ni jamaa yake mkali zaidi. Hiyo huweka dari ambalo sauti haivuki kamwe, ili fundi aweze kuuinua wimbo wote juu.

5.4 Kupanga kiwango

Hapa ndipo penye mashindano. Kwa kuwa wimbo wenye sauti kubwa huvuta sikio, kila fundi hutaka wake usikike mkubwa kuliko uliotangulia. Vilele vyote hukatwa na limita hadi wimbo wote ukawa ukuta mmoja usio na mlango wala dirisha. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo la BS.1770 la kupima ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia, na vipimo vyake siku hizi huandikwa kwa alama ya LUFS. Mashirika ya utangazaji ya Ulaya yaliafikiana mwaka 2010 juu ya kiwango cha −23. Huduma ya Spotify huzisawazisha nyimbo karibu na −14. Wimbo ulioinuliwa kwa nguvu hadi −7 ukifika huko hushushwa kwa desibeli 7. Faida ya ukubwa huondolewa, na madhara ya kubanwa hubaki.

Hata hivyo haitakuwa haki kumlaumu fundi wa Lubumbashi anayeitafuta sauti kubwa. Sehemu kubwa ya nyimbo za jijini hupita mkononi: kutoka simu hadi simu, katika kadi za kumbukumbu, katika spika za maduka na za mabasi madogo ya abiria. Huko hakuna mtambo wa kusawazisha. Wimbo mdogo wa sauti utamezwa na injini na makelele ya soko, na mwimbaji aliyelipa ataudhika. Sababu ya kubana ipo. Linalotakiwa ni kujua gharama yake.

6.0 Maneno yanapomezwa

Gharama hiyo huonekana waziwazi zaidi katika lugha. Nguvu ya irabu imo katika masafa ya chini na ya kati, chini ya hezi 3,000 kwa sehemu kubwa. Konsonanti zisizo na mghuno zimo juu zaidi. Sh ina nguvu zake nyingi baina ya hezi 2,500 na 4,000 hivi, na s huanza karibu na hezi 4,000 na kupanda hadi 8,000 na zaidi. Njia ya simu ya zamani ilikomea hezi 3,400, ndiyo maana katika simu hiyo s na f zilikanganya wasikilizaji hata majina yakabidi kutajwa herufi kwa herufi.

Sasa izingatiwe hali ya Kiswahili cha Lubumbashi. Mojawapo ya sifa zake ni kwamba s mara nyingi hutamkwa sh inapofuatwa na irabu i. Msemaji husema «shiku» pale Kiswahili sanifu kinaposema «siku», na «kushikia» pale kinaposema «kusikia». Matumizi hayo hayafanani kwa watu wote wala katika mazingira yote. Mwimbaji huweza kuchagua umbo sanifu katika ubeti mmoja na umbo la nyumbani katika kiitikio, na uchaguzi huo una maana kwa mtafiti wa lugha na kwa msikilizaji pia. Fundi anayeona s zinaumiza masikio hutumia chombo cha kupunguza sauti kali, naye akikitumia kwa upana kuanzia hezi 4,000 kwenda juu, huifanya s isikike kama sh. Mtafiti atakayeinukuu rekodi hiyo baadaye ataandika «shiku» ambayo mwimbaji hakuitamka.

Mfano wa pili ni kiambishi cha watu. Pale Kiswahili sanifu kinaposema «watu» na «watoto», Kiswahili cha Lubumbashi husema «batu» na «batoto». B hutambulika kwa mpasuko mfupi wa midomo, ilhali w haina mpasuko. Mipasuko mifupi ndiyo ile inayokatwa kwanza na limita. Aidha, ngoma kubwa inapopigwa limita huishusha sauti yote kwa sehemu ya sekunde, pamoja na silabi iliyoangukia katika pigo hilo. Katika wimbo wa kucheza, pigo hilo hurudi mara mia na zaidi kwa dakika. Mwanzo wa neno ndimo kilimo kiambishi, na mara nyingi mwanzo huo huangukia kwenye pigo.

Umuhimu wa jambo hili hauishii katika nyimbo. Elimu ya Kiswahili cha Lubumbashi imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya sauti zilizorekodiwa. Johannes Fabian alikitumia kinasa sauti katika mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba katika miaka ya 1970, na pia katika mazoezi ya kikundi cha maigizo cha Mufwankolo mwaka 1986, ambayo ndiyo msingi wa kitabu chake cha mwaka 1990. Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa mwaka 2014 kitabu cha sarufi, matini na msamiati wa lugha hiyo. Nyimbo zinazomaliziwa leo katika vyumba vya Katuba ni hazina ya kesho ya utafiti wa aina hiyo, iwe mafundi wanajua au hawajui.

7.0 Nakala mbili

Kuna njia ya kuridhisha soko na kuhifadhi lugha kwa pamoja, nayo ni kutoa nakala mbili. Ya kwanza ni nakala ya mtaani, iliyobanwa kadiri soko linavyodai. Ya pili ni mchanganyiko wenyewe kabla ya limita, uliohifadhiwa bila kupunguzwa. Sababu ni ya kiufundi. Kilele kilichokatwa na limita hakirudishwi na programu yoyote kama kilivyokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nakala ya kuhifadhi yafaa iwe ya biti 24. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi baina ya sauti kubwa na ndogo kabisa, hivyo biti 16 za diski ya kompakti hutoa desibeli 96 na biti 24 hutoa 144. Fundi hahitaji basi kuirekodi sauti karibu na dari, na huweza kuacha nafasi juu ya vilele vyake. Faili ya namna hiyo kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hula takriban megabaiti 16 kwa dakika, yaani karibu megabaiti 64 kwa wimbo wa dakika nne. Nakala ya MP3 ya kilobiti 128 ya wimbo huohuo haifiki megabaiti 4, na ndiyo sababu hiyo ndiyo inayosafiri katika simu. Lakini MP3 hupata wepesi wake kwa kutupa sehemu za sauti zinazodhaniwa kutosikika, na kila inapobanwa tena na kutumwa hutupa zaidi, kwa kuanzia juu, waliko s na f. Kutengeneza nakala mama kutokana na MP3 ni sawa na kunukuu hati kutoka kwenye kivuli cha kivuli chake.

Pamoja na sauti yafaa kuhifadhiwa maandishi mafupi: tarehe, mahali, lugha au lugha zilizotumika, majina ya vyombo, na maneno ya wimbo kama mwimbaji mwenyewe anavyoyakubali. Nakala ziwekwe mahali pawili tofauti, kwa kuwa diski ya kompyuta huharibika na umeme usiotulia huiharakisha siku hiyo.

Si kila muziki wa Lubumbashi hupitia chumbani. Karindula, chombo kikubwa cha nyuzi nne kinachotengenezwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, hupigwa uwanjani mbele ya watu wanaocheza. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa rekodi na filamu za vikundi vya karindula zilizochukuliwa na Vincent Kenis mjini Lubumbashi. Katika muziki wa namna hiyo vigelegele na majibizano ya watazamaji ni sehemu ya utungo, na fundi anayevifuta kama kelele huifuta nusu ya matini. Kwa mara nyingine, anayejua ni kipi kelele na kipi neno ni yule anayeielewa lugha na hafla.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba umaliziaji ni kazi ya kusikiliza, kusawazisha, kubana na kupanga kiwango, na kwamba katika studio ya nyumbani kazi hiyo hukabiliwa na chumba kinachovuma, mvua juu ya bati na umeme usio na uhakika. Imeonyeshwa pia kwamba maamuzi ya fundi hugusa konsonanti na viambishi ambavyo ndivyo vinavyokitambulisha Kiswahili cha Lubumbashi.

Fundi wa enzi ya santuri alikuwa na mitambo bora, lakini aliumalizia wimbo wa Katanga mbali na Katanga. Fundi wa leo ana godoro kwenye kona na spika ndogo mezani, lakini anaposikia «batu» anajua kwamba ni «batu». Ikiwa idara za Kiswahili na za isimu zinataka ushahidi wa lugha hii ufike kwa vizazi vijavyo, hazina budi kuanza mazungumzo na mafundi hao: kuwaeleza kwa nini nakala isiyobanwa ina thamani, kuwaombea mahali pa kuihifadhi, na kujifunza kwao jinsi wimbo unavyosikika kabla haujafungwa. Gharama ya kuanza ni ndogo mno: ni faili moja ya megabaiti 64 kwa kila wimbo, inayohifadhiwa kabla limita haijawashwa.